Vitu 7 kwenye menyu, vyote vinafanya kazi ya kimoja

Safari hii maswali karibu yote ni ya QGIS, wala sishangai, maana huku kwetu ikifika Mei watu wako mashambani na mabomba ya salfa, ikifika Oktoba macho yote kwenye minada, sasa hapo katikati kila kijana mwenye laptopu anaitwa akapime mashamba ya korosho alete ramani na ekari. Kwa ambaye hajakutana nayo, QGIS ni programu ya ramani ya bure, ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, na utamu wake ni kwamba ukiona haina kitu unachotaka unaweza kuiandikia plagini (kiprogramu cha nyongeza) mwenyewe kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ikakaa mule ndani kama mwenyeji. Nimechukua maswali manne. La kwanza nimekaa nalo sana, mengine nimeyapita mbio mbio, mnisamehe.

SWALI

Fundi habari za kazi. Mi niko Tandahimba, napima mashamba ya wanachama wa chama chetu cha msingi. Nimetengeneza plagini ya QGIS naiita Shamba, kwenye menyu yake kuna vitu 7: Ingiza pointi, Chora mpaka, Hesabu ekari, Kadiria mikorosho, Kagua mipaka inayopandiana, Kadi ya shamba, na Toa CSV (faili la jedwali). Nimevipanga kwa lupu ili nisirudie kodi ileile mara saba. Shida ni kwamba nikibonyeza chochote kile inafanya Toa CSV. Binamu yangu yuko chuo akanambia weka kazi=kazi ndani ya lambda, nikaweka, ndo imekuwa balaa, sasa haifanyi chochote inaleta 'bool' object is not callable. Halafu kila nikiiriload plagini (kuipakia upya) menyu inaongezeka, vilikuwa vitu 7, vikawa 13, vikawa 19, jana vimefika 25 nikazima mashine nikaenda kula. Kodi nimeambatanisha. Nimekosea wapi?
Mpimaji, Tandahimba

JIBU

Kaka Mpimaji, umefanya la maana sana kutuma na kodi (za Python, zile za nyumba mwachie mwenye nyumba), maana wengi wananiandikia "plagini haifanyi kazi" basi, hapo nibashiri au? Una makosa matatu na yote madogo, ila yamekaa juu ya mwenzake ndo maana ukigusa hili linachomoza lile.

Lupu yako, yaani ile kodi inayojirudia kwa kila kitu kwenye orodha, iko hivi:

for jina, kazi in orodha:
    self.a = QAction(jina, self.iface.mainWindow())
    self.a.triggered.connect(lambda: kazi())
    self.iface.addPluginToMenu("Shamba", self.a)

Tuanze na lambda, yaani fankisheni ndogo isiyo na jina (fankisheni ni kipande cha kodi unachokiita kifanye kazi). Chukulia siku ya mnada una vijana 7, kila mmoja umemwambia "ukiitwa, kaangalie kilichoandikwa ubaoni, ndo kazi yako." Ubao wenyewe ni mmoja. Unaandika Ingiza pointi, unafuta, unaandika Chora mpaka, unafuta, unakwenda hivyo hivyo mpaka umefika Toa CSV, hapo lupu imeisha na hujafuta. Saa mbili baadaye ndo mtu anamwita kijana wa kwanza, kijana wa watu anakimbia ubaoni anakuta nini? Toa CSV. Wa pili hivyo hivyo. Lambda yako haikunakili kazi, imekumbuka tu ubao uko wapi, na inausoma siku ya kubonyezwa, sio siku uliyoiandika.

Binamu yako hakukosea, kakuambia kila kijana aandikiwe kazi yake kiganjani, ndo maana ya kazi=kazi, thamani inashikwa palepale lupu inapopita. Alichosahau ni kwamba triggered haiji mikono mitupu. Kila kitu cha menyu kikibonyezwa kinatuma na neno moja la True au False, la kusema kama kina alama ya tiki au hakina, na vitu vya kawaida visivyo na tiki vinatuma False. Sasa lambda yako ina nafasi moja tu ya kupokea kitu, nafasi hiyo ni kazi, basi False inaingia pale, inamshika kijana kiganja na wino wote unafutika. Halafu unaiambia False ifanye kazi, False sio fankisheni, Python inakwambia kwa Kiingereza chake kwamba bool haiitiki. Ule ujumbe ulikuwa unakupa jibu kabisa kaka.

Dawa ni kuitengea ile tiki kiti chake mbele:

lambda tiki=False, kazi=kazi: kazi()

Jina "tiki" nimejitungia, ita hata mgeni, muhimu iwe ya kwanza. Wengine wanatumia partial kutoka functools, nayo ni sawa, inashika thamani palepale.

Ila ngoja, kwa hali yako wewe lambda ya nini? Kila kitu chako tayari kina fankisheni yake kwenye orodha, andika tu self.a.triggered.connect(kazi) na mambo yameisha, maana hapo unamkabidhi kijana kazi mkononi, hakuna ubao wala kiganja. Lambda na partial zitunze kwa siku fankisheni moja inahudumia vitu vingi, mfano Toa CSV, Toa KML na Toa shepufaili zote zinaita toa() na tofauti ni aina ya faili. Lakini angalia kitu kimoja, nimeona fankisheni yako ya ekari umeiandika hesabu(self, leya=None), leya ni tabaka moja la ramani. Ukiiunganisha moja kwa moja, ile False itajipenyeza kwenye leya, na wewe ndani umeandika "if leya is None chukua leya iliyochaguliwa", sasa False sio None, hivyo itaruka hapo na kwenda kugonga mbele. Hii imewalaza watu njaa wengi. Hiyo moja ipe lambda yenye tiki, au toa huo leya=None.

Tuje kwenye menyu inayozaa. Hesabu zako zenyewe zimekusema: 7, 13, 19, 25, kila mara inaongezeka 6. Yaani ukiriload vinaingia 7 vipya, na vya zamani vinatoka kimoja tu. Nikajua kabla sijafungua unload yako, ile fankisheni ya kuiondoa plagini, kwamba humo kuna mstari mmoja wa removePluginMenu na self.a, nikafungua, nikaukuta. self.a umeiandika juu yake yenyewe mara 7, iliyobaki mkononi ni ya mwisho, sita za kwanza huna tena pa kuzishika.

Sisi watu wa huku stakabadhi ghalani tumeishi nayo tangu 2007, sidhani kama nahitaji kueleza sana. Ukiingiza magunia 7 ghalani ukaandikiwa stakabadhi ya gunia moja, siku ya kuyatoa utadai mangapi? Tengeneza daftari:

self.vitu = []

hii iweke kwenye __init__ ya plagini, halafu ndani ya lupu kila ukimaliza kuunda kitu kimoja self.vitu.append(a), na a iwe a tu sio self.a. Kwenye unload:

for a in self.vitu:
    self.iface.removePluginMenu(self.menyu, a)
    self.iface.removeToolBarIcon(a)
    a.deleteLater()
self.vitu.clear()

Umeona nimeandika self.menyu badala ya "Shamba". Jina la menyu liandike sehemu moja, liweke kwenye self.menyu, litumie kuingizia na kutolea, maana kwenye kodi yako kuna sehemu umeandika Shamba na sehemu Mashamba, na QGIS ukiiambia toa kitu kwenye menyu ya Mashamba haitakwenda kupekua ya Shamba kwa hisani yako. Na kama umeingiza kwa addPluginToVectorMenu basi unatoa kwa removePluginVectorMenu, mlango ulioingilia ndo wa kutokea. Ukitengeneza plagini kwa Plugin Builder (plagini ya kukuanzishia plagini) hili daftari unalikuta tayari limeandikwa, linaitwa self.actions, watu wanalifuta wakidhani ni takataka.

Na usidhani vile 18 vilivyozidi ni uchafu wa macho tu. Vile viko hai, mzazi wake ni dirisha kuu la QGIS, na bado vimeunganishwa na kodi ya zamani. Mimi nilishawahi kupoteza nusu siku Mikindani, nimerekebisha mstari wa kuchapa kadi, nimeriload, nabonyeza, kosa lile lile, narekebisha tena, nabonyeza, lile lile, nikaweka print("mara ya pili") haitokei, nikaanza kuisema vibaya Python mbele za watu. Kumbe kwenye menyu kuna Kadi ya shamba mbili, mi nabonyeza ya juu ambayo ni mzuka wa asubuhi, mpya iko chini yake imetulia haina neno. Toka siku hiyo nikiriload kitu cha kwanza nahesabu menyu.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo wewe hujalifanya ila nalitaja kwa sababu ukiona maelezo haya unaweza kulikimbilia: mtu anaandika QAction(jina) bila mzazi, hatunzi popote, lupu ikiisha Python inaona hakuna anayekihitaji inakizoa, menyu inafunguka tupu. Daftari linaponya na hilo pia.

La mwisho halafu nikuache. Hesabu ekari yako ikiiva itakupa kituko, shamba la ekari 3 litakuja kama 0.00000000025. Pointi zako zimetoka kwenye simu, leya iko EPSG:4326, yaani vipimo ni nyuzi za latitudo na longitudo, sasa area() inakupa nyuzi za mraba na wewe unazigawa tena kwa 4046.86 kana kwamba ni mita. Hamishia leya kwenye EPSG:32737, ndo UTM kanda 37 Kusini, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, Mtwara na Lindi zote zimo, au tumia QgsDistanceArea uipe elipsoidi (umbo la dunia) WGS84 ikupe mita za mraba. Bila hivyo na Kadiria mikorosho itaumbuka, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari moja inabeba kama mikorosho 28, wewe utamwambia mwanachama shamba lake lina mikorosho sifuri, na huku Tandahimba sijui utarudi vipi kijijini.

SWALI

Shikamoo fundi. Nina plagini ya kupanga viwanja, ina vitu 5 kwenye menyu. Mafundi wenzangu wakibonyeza Gawa kiwanja kabla hawajachagua leya QGIS inatoa lile dirisha la makosa la maandishi mengi wanaogopa wananipigia simu. Nimeweka if kila fankisheni lakini naona najirudia. Kuna namna vitu vizime vyenyewe?
Dada wa Lindi mjini

JIBU

Marahaba dada yangu. Ipo, na ukishakuwa na lile daftari la self.vitu nililomwelezea kaka wa Tandahimba, ni mistari michache. QGIS inapiga kelele kila mtu anapobadilisha leya, kelele hiyo inaitwa currentLayerChanged, wewe isikilize:

self.iface.currentLayerChanged.connect(self.angalia)

def angalia(self, leya):
    sawa = (isinstance(leya, QgsVectorLayer)
            and leya.geometryType() == QgsWkbTypes.PolygonGeometry)
    for a in self.vitu_vya_leya:
        a.setEnabled(sawa)

Umeona nimetenga vitu_vya_leya, usizime vyote, maana Fungua faili ya viwanja lazima iwake hata kama hakuna leya, vinginevyo umemfungia mtu nje ya nyumba funguo iko ndani. Hiyo isinstance inakusaidia mara mbili, mtu akifuta leya zote QGIS inaleta None na haitagonga, na akichagua picha ya setilaiti pia inajibu hapana.

Mwisho wa initGui (fankisheni inayoiwasha plagini) iite mara moja kwa mkono, self.angalia(self.iface.activeLayer()), kwa sababu plagini ikiwaka hakuna aliyebadilisha leya bado, kelele haijapigwa, vitu vitabaki vimewaka. Na kwenye unload weka disconnect, ukisahau, plagini iliyotolewa itaendelea kusikiliza na kugusa vitu ambavyo havipo.

Zile if zako usizifute zote lakini. Kitu kilichozimwa kwenye menyu mtu hajui kimezimwa kwa nini, ataendelea kukupigia simu tu ila safari hii atasema "menyu imepauka." Kwenye setToolTip andika "Chagua leya ya poligoni kwanza." Halafu mwambie na QMenu, setToolTipsVisible(True), maana menyu kwa kawaida inaficha hayo maneno, na utashinda unashangaa mbona hayaonekani.

SWALI

Mambo fundi, plagini yangu imefika vitu 23. Nimeviweka vyote na kwenye tulubaa (ule mstari wa vitufe juu) kila kimoja na aikoni yake. Bosi anasema inachanganya, mi naona ndo kasi. Nani yuko sahihi?
Kijana wa Masasi

JIBU

Bosi. Aikoni 23 kwenye laptopu ndogo, uko chini ya mkorosho saa saba mchana jua linapiga kioo, hata wewe uliyezichora utabonyeza Futa mpaka ukidhani ni Chora mpaka. Tulubaa weka mbili au tatu, zile mtu anazigusa kila shamba. Zingine zipange kwenye menyu ndogo ndogo kufuata mwendo wa kazi yenyewe: Upimaji, Ukaguzi, Kutoa. Usizipange kwa alfabeti, mpimaji hafanyi kazi kwa alfabeti.

Ukifika hapo addPluginToMenu haikutoshi, unda menyu yako kamili:

self.menyu = QMenu("Shamba", self.iface.mainWindow())
upimaji = self.menyu.addMenu("Upimaji")
ukaguzi = self.menyu.addMenu("Ukaguzi")
self.iface.pluginMenu().addMenu(self.menyu)

halafu kila QAction mzazi wake awe self.menyu. Raha yake ni siku ya kutoka, unatoa shina moja, self.iface.pluginMenu().removeAction(self.menyu.menuAction()), kisha self.menyu.deleteLater(), na matawi yote yanakwenda nalo. Zile mbili tatu za kwenye tulubaa ndo bado uzitoe kwa mkono kwa removeToolBarIcon, na uzitoe kabla ya kufuta shina. Vitu vyote 23 viandike kwenye orodha moja juu ya faili, kila mstari una jina, menyu ndogo yake, fankisheni, ndio au hapana ya tulubaa, na ndio au hapana ya kuhitaji leya kama alivyotaka dada wa Lindi. Lupu moja inasoma orodha. Bosi akibadilisha mawazo kesho, na atabadilisha, unahamisha mstari mmoja huangalii kitu kingine.

Futa mpaka isikae jirani na Chora mpaka. Weka addSeparator() kati yao, na kabla haijafuta imuulize mtu.

SWALI

Kwenye menyu nimeandika Mbegu & Miche lakini inatokea Mbegu Miche, ile alama imemezwa. Nimebadilisha fonti hola.
Newala

JIBU

Fonti haina kosa. Kwenye Qt, maktaba inayochora menyu za QGIS, alama ya & ndani ya jina la menyu ni ya kuchagua herufi ya mkato wa kibodi, &Hesabu inafanya H iwe mkato, sasa yako imefuatwa na nafasi tupu ikapotea bure. Andika mbili, Mbegu && Miche, itatokea moja.